Mtoto Anayelipa Deni la Wakubwa: namna ya kusoma vitabu vya waliopona utoto mgumu



Katika kijitabu hiki tumezoea kuongea juu ya majina, vilio, mahari na desturi za wavuvi wa Lufira na ziwa la Tshangalele. Mara hii tunaomba nafasi kwa ajili ya vitabu. Ni vitabu vya aina moja: watu wazima wanaeleza namna walivyopigwa, walivyouzwa, walivyofukuzwa ao walivyotiwa bunduki mkononi wakiwa bado watoto, na namna walivyopona.

Vitabu hivi vinapita kwa mikono ya walimu, ya wanafunzi wanaorudi kutoka Likasi na Lubumbashi, na ya watu wa parokia. Kila anayekimaliza kimoja anauliza: "Sasa kinatufundisha nini?" Jibu linalokuja haraka ni uvumilivu. Mtu aliteseka, akavumilia, Mungu akamwinua, leo anaitwa kuongea katika mikutano ya Ulaya. Basi, na wewe vumilia.

Sisi tunaona jibu hilo ni dhaifu, na mara nyingine ni la hatari. Tukisoma vizuri, tutaona mafundisho ya vitabu hivi hayako katika kurasa za mwisho, mtu anapovaa suti na kupigwa picha. Yako mwanzoni, pale wakubwa wamesimama na wanaamua nani atalipa deni lao. Njo maana tunaviingiza katika kijitabu cha mila: wakubwa wale, karibu kila mara, wanasema wanafuata desturi.

Bwanikwa, binti wa Baluba

Tuanze karibu na kwetu. Kati ya masimulizi ya zamani ya aina hii katika Katanga, liko la mwanamke Muluba aliyeitwa Bwanikwa. Utoto wake ulikuwa wakati Msiri alipokuwa anatawala Bunkeya, mbele ya kuuawa kwake tarehe 20 Desemba 1891. Mwanamke huyu hakuandika mwenyewe. Alimwelezea mmisionari Dugald Campbell, aliyefanya kazi katika nchi hizi, naye akatoa kitabu kwa Kiingereza, Ten Times a Slave but Freed at Last. Maana ya jina hilo ni: mtumwa mara kumi, lakini mwishowe huru.

Hadithi yenyewe ni fupi na inauma. Baba ya Bwanikwa alikuwa na wake wengi. Mke mkubwa, binti wa chefu, akafa. Desturi ilidai mume awalipe jamaa za marehemu, na malipo yaliyotakiwa ni watumwa watatu. Baba alitafuta, akapata wawili tu. Wa tatu alipaswa kutoka kati ya mabinti wake mwenyewe, na aliyechaguliwa ni Bwanikwa. Siku ya kumtoa, baba alimwomba yule bwana mpya amtendee mtoto vizuri, asimuuze kwa mtu mwingine, kwani atarudi kumkomboa. Hakuweza. Mtoto akauzwa, akauzwa tena, akapita kwa watu wa Msiri na kwa wafanya biashara, mpaka hesabu ikafika ile ya kwenye jina la kitabu. Miaka mingi nyuma, kisha kufika kati ya watu wa misioni, alijikomboa kwa mali aliyoipata kwa kazi yake.

Tuangalie vizuri nani anasimama katika hadithi hii. Msomaji anayetafuta mtu mwenye roho mbaya hatamuona mwanzoni. Baba anampenda mtoto, maneno yake ya kuagana yanaonyesha vile. Jamaa za marehemu wanadai haki yao. Wazee wanaohukumu wanajua sheria. Kila mmoja ana sababu nzuri, na mwisho wa sababu zote hizo nzuri ni mtoto mdogo anayeondoka na watu asiowajua. Deni halikuwa lake. Hakumuoa yule mwanamke, hakumuua, hakukopa kitu. Lakini yeye njo alikuwa mali iliyo rahisi kuchukuliwa.

Yako mafundisho ya pili, na haya ni ya msomaji wa vitabu. Campbell alipoandika, alitaka kuonyesha kazi ya Injili: giza nyuma, mwangaza mbele. Miaka mingi kisha, mwanahistoria Marcia Wright alilisoma simulizi lile lile upya, katika makala ya 1983 na katika kitabu chake cha 1993 juu ya watumwa na wanawake wa sehemu hizi. Yeye aliona mwanamke aliyefikiri, aliyekimbia, aliyepinga, aliyetafuta mwenyewe mlango wa kutokea. Mbele ya kutafuta mashauri katika kitabu, basi, tuulize: nani alishika kalamu, na alitaka nini?

Bakadogo: nani alipiga makofi?

Sasa tuvuke miaka mia moja. Vita ya AFDL ilianza Kivu mwaka 1996. Tarehe 9 Aprili 1997 Lubumbashi ilikuwa mikononi mwao, na tarehe 17 Mei Kinshasa. Watoto waliokuja na jeshi lile tuliwaita bakadogo, na jina hilo lilikuwa na upendo ndani. Walipokelewa kwa furaha. Mobutu alikuwa anaondoka, nani angelia? Watu walitoa maji, walitoa chakula, walipiga makofi. Wachache sana waliuliza: "Hawa batoto, bamama yabo iko wapi?"

Vitabu viwili vya Wakongomani vinatujibu swali hilo. Cha kwanza ni cha Lucien Badjoko, J'étais enfant soldat, kilichotoka Paris kwa Plon mwaka 2005. Alikiandika pamoja na mwandishi wa habari Katia Clarens. Badjoko ni mtoto wa Kivu aliyeingia katika jeshi akiwa na miaka 12. Hapa kuna jambo linalosumbua wasomaji wengi: hakukamatwa kwa nguvu, alikwenda mwenyewe. Tumesikia watu wakisema, "Basi ni yeye alitaka."

Tunapinga. Mtoto wa miaka 12 hawezi kuuza lupango, hawezi kuoa, hawezi kutia sahihi katika biro ya leta. Vipi awe na uwezo wa kutoa uhai wake? Korti ya Kimataifa ya La Haye, ilipomhukumu Thomas Lubanga mwezi wa Machi 2012 kwa kosa la kuwatia watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi, ilishika msimamo huu: hata kama mtoto alikuja kwa miguu yake, kosa ni la mkubwa aliyempokea. Sheria ilifika hapo kisha miaka mingi. Mzazi yeyote angeweza kufika hapo kwa siku moja, kama angemwangalia mtoto kuliko kuangalia bunduki.

Kitabu cha pili ni cha Serge Amisi, Souvenez-vous de moi, l'enfant de demain, kilichotolewa na Vents d'ailleurs mwaka 2011. Amisi naye alikuwa kadogo. Alipotoka jeshini akawa msanii: anachonga, anacheza na sanamu za maonyesho. Aliandika kwa Lingala, katika daftari zake, kisha maneno yake yakageuzwa kwa Kifaransa pamoja na Jean-Christophe Lanquetin. Ukisoma vitabu hivi viwili kimoja nyuma ya kingine, unasikia tofauti. Cha Badjoko kimepangwa vizuri kwa msomaji wa Ulaya ambaye ni lazima aelezewe kila jambo. Cha Amisi kinarudia-rudia, kinakwama, kinarudi nyuma kama mtu anayeongea usiku. Kwa upande wetu, hiki cha pili kinatufaa zaidi kama mashauri, juu ya sababu moja: hakifichi kwamba mtoto mwenyewe hakuelewa kinachompata. Mtu anayeishi na mtoto aliyepita katika vita, ao aliyepita katika nyumba ya fimbo, anahitaji kujua jambo hilo. Mtoto hatakuja kumwelezea kwa mpango. Ataeleza kipande leo na kipande mwaka ujao, na mara nyingine vipande havitapatana.

Nyumba ilikuja mbele ya kambi

Jirani wetu wa Uganda, China Keitetsi, alizaliwa mwaka 1976. Kitabu chake kilitoka mwaka 2002 alipokuwa amekwisha kupata kimbilio Denmark, na wasomaji wa Kifaransa wakakipata mwaka 2004 kwa jina La petite fille à la Kalachnikov. Jina lile linauza bunduki. Lakini mtu akikisoma kutoka mwanzo, anaona bunduki inachelewa kufika. Kwanza iko nyumba: baba mkali, mama asiyekuwapo, bibi mzaa baba mwenye kupiga, mama wa kambo. Msichana anakimbia ili amtafute mama yake, na katika kukimbia huko anaangukia kwa askari wa NRA.

Tunaomba walimu wanaotumia kitabu hiki wasiruke kurasa zile za kwanza. Tunapenda kusema vita ilituharibia watoto, na ni kweli. Lakini Keitetsi anaonyesha kwamba kambi ya askari ilimpata mtoto ambaye nyumba ilikuwa imekwisha kumsukuma nje. Yule anayemwita mtoto wa watu "kadogo wangu" na kumpa sahani ya chakula anafanikiwa kwa urahisi, kama nyumbani hakuna aliyemwita kwa upole. Njo vile hata leo kwa watoto wanaoingia katika mashimo ya wachimbaji, ao wanaolala sokoni Likasi. Tunawauliza: "Nani alikutuma huku?" Swali lingine lingefaa zaidi: "Juu ya nini uliona huku ni afazali kuliko kwenu?"

Kama hesabu ya miaka haipatani

Mara nyingi mtu anasimama na kusema: "Vitabu hivi vina uongo." Mfano unaojulikana ni wa Ishmael Beah wa Sierra Leone. Kitabu chake A Long Way Gone kilitoka mwaka 2007 na kikasomwa dunia nzima. Mwaka 2008 waandishi wa gazeti moja la Australia wakadai kwamba miaka aliyoitaja haipatani, na kwamba alikaa jeshini kwa miezi tu. Beah alisimama katika maneno yake.

Hatutaki kuwa majaji wa kesi ile. Tunataka kuonyesha njia mbili mbaya za kuisikia. Ya kwanza ni kusema ukweli hauna kazi, mradi kitabu kinagusa moyo. Hapana: mtu anayeomba tumwamini anatupa vilevile haki ya kumuuliza, na uongo mmoja unawaumiza wengine wote watakaosema kweli kesho. Njia mbaya ya pili ni kutupa kitabu chote juu ya tarehe moja. Kumbukumbu ya mtoto aliyeteswa si daftari ya leta. Anaweza kukosa mwaka na asikose sauti ya mlango. Wazee wetu wanaojua kusikiliza kesi ya familia wanajua tofauti hiyo: wanarudi kwa neno lile lile kwa njia nyingine, wanauliza na watu waliokuwapo, hawamwiti mtoto muongo mbele ya watu.

Mtoto wa Likasi

Tuweke pembeni, kidogo tu, kitabu kisicho cha fimbo. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 Jadotville, njo Likasi yetu, na alifariki Marekani mwezi wa Aprili 2025. Katika Les Corps glorieux des mots et des êtres, kitabu cha mwaka 1994, anaongea juu ya maisha yake: mtoto aliyetolewa kwao mapema kwa ajili ya masomo ya mapadri, kisha kijana wa monasteri ya Wabenedikto ya Gihindamuyaga katika Rwanda. Sisi watu wa Kapolowe, tuliokulia karibu na kengele ya Wabenedikto, tunaijua vizuri harufu ya nidhamu ile.

Hatusemi Mudimbe aliteswa. Mtu asichanganye mambo. Tunamtaja kwa sababu anafanya kazi ngumu ambayo wengi hawaifanyi: anashukuru kwa alichopewa, na wakati ule ule anapima bei yake. Lugha, vitabu, akili iliyonolewa, yote ni faida. Na bado kuna mtoto aliyepunguziwa mama, kijiji na usingizi wake. Msomaji mwenye utoto mgumu anaweza kupata hapa ruhusa kubwa. Anaweza kumheshimu baba aliyemlipia masomo, na kusema pia kwamba baba yule yule alimuumiza. Neno moja halifuti lingine.

Na humu kwetu?

Sasa tufike mahali ambapo wengine watapenda tunyamaze.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ile iliyoitwa "departi volonteri". Likasi ilisikia uchungu huo mpaka mifupani, kutoka Shituru mpaka Panda, na hata Kapolowe tuliona ndugu wakirudi na vyombo vyao. Nyumba iliyokuwa na posho ikakosa bukari. Mgonjwa akakosa dawa, akafa. Na katika nyumba nyingine, badala ya kuuliza kampuni na leta, watu wakageukia kona ambapo mtoto amekaa. "Tangu aliingiaka humu mu nyumba, kazi ya baba iliisha." "Ule mutoto iko mulozi."

Karibu kila mara anayechaguliwa ni yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, anayeota na kupiga kelele. Yaani yule asiye na mtu wa kumsemea. Hebu turudi kwa Bwanikwa tuone kama hatumtambui. Deni la wakubwa lipo tena, malipo hayapatikani, na mtoto njo mali iliyo rahisi kuchukuliwa.

Wengine wanasema bulozi ni mila yetu. Tuseme wazi: kumshitaki mtoto mdogo namna hii, kumfungia, kumnyima chakula, kumpeleka kwa pasta apigwe ili "atapike", si urithi wa bankambo kwa sura tunayoiona. Zamani, lawama za bulozi ziliwaangukia zaidi watu wazima na wazee. Wingi wa mashitaka juu ya watoto ni jambo la miji yetu tangu miaka ya 1990. Lakini tusijidanganye kwa upande mwingine pia, tukiimba kwamba zamani kila mtoto alikuwa wa wote na alipendwa na wote. Bwanikwa alitolewa kwa desturi halisi, na wazee wakiwapo. Mila ilikuwa na milango miwili: mmoja mtoto aliweza kutolewa nje kwao, mwingine aliweza kukimbilia. Kazi yetu ni kujua upi tunaufungua.

Mlango wa kukimbilia tulikuwa nao. Mtoto aliyepigwa kwa baba alivuka kwenda kwa nkambo, kwa mjomba, kwa shangazi, akakaa hapo mwezi ao mwaka, na hakuna aliyeita hiyo aibu. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ana kitabu cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines. Jina lake peke yake ni mafundisho: Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kampi ilitoa nyumba, posho, daktari na masomo, lakini ilipunguza nafasi ya ndugu wengine na kuweka nguvu zote kwa baba mwenye kazi. Siku kazi ilipoondoka, mtoto alibaki mbele ya baba aliyepoteza kila kitu, na nkambo yuko mbali.

Sheria nayo ipo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtesa mtoto, kumtupa na kumshitaki bulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamtia anayemshitaki mtoto bulozi katika kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na malipo ya faini. Watu wengi hawaijui. Walio na masomo kati yetu wanaijua, na wanasema: "Ni mambo ya mu nyumba ya bantu." Fimbo ya mbali haiui nyoka. Karatasi iliyoko Kinshasa haitavuka ua wa jirani kama sisi hatuvuki.

Tunashika nini?

Tukusanye sasa mashauri tunayoyaona katika vitabu hivi.

Kwanza, tusitumie kitabu cha aliyepona kama fimbo kwa anayeteseka bado. Kumwambia mtoto, "Ona huyu, alivumilia akawa mtu mkubwa", ni kumwomba abaki pale pale. Walioandika ni wale waliopona. Wengine waliovumilia vilevile hawana kitabu, wana kaburi, na wengi hata kaburi halijulikani. Tena tukichunguza, hakuna kati ya hawa aliyepona kwa kuvumilia tu. Bwanikwa alitafuta mali ya kujikomboa. Keitetsi alikimbia. Amisi alichukua daftari.

Pili, tusome tukimtafuta mkubwa aliyekuwa karibu. Katika kila kitabu yuko: jirani aliyesikia kelele, mwalimu aliyeona mgongo, askari mmoja aliyempa mtoto blanketi. Mara nyingi ana mistari miwili ao mitatu, kisha anapotea. Sisi wasomaji wazima nafasi yetu katika hadithi ni ile. Hatutakuwa yule mtoto tena, na tunaomba Mungu tusiwe yule mtesaji. Lakini jirani tutakuwa, labda hata wiki hii. Ni vizuri kuhesabu kwamba mara nyingi kitu kidogo ndicho kilichobaki katika kumbukumbu miaka thelathini: sahani ya chakula, jina lililotamkwa vizuri, usiku mmoja wa kulala bila woga.

Tatu, kwa msomaji aliyepita mwenyewe katika njia hiyo, na tunajua wako hata kati ya wanaoshika kijitabu hiki. Vitabu hivi havikulazimishi chochote. Vingi vinafika mwisho kwa msamaha, na wahubiri wanaupenda ukurasa ule. Msamaha ni kitu kikubwa, lakini hauamriwi na mtu mwingine, na hauna saa. Wala hulazimiki kusimama mbele ya watu na kusimulia. Faida inayoweza kukufikia ni ndogo na ni ya kweli: unaona mtu mwingine ametaja jambo lile uliloliona wewe peke yako, unajua kwamba lina jina, na kwamba deni lile halikuwa lako.

Nne, kwa walimu. Kitabu cha namna hii hakisomwi mbele ya kalasi kama hadithi ya sungura na fisi. Katika watoto arobaini, mmoja ao wawili wako ndani yake usiku huu. Mwalimu asome mwenyewe kwanza, achague, na ajue mbele ya siku ile atafanya nini kama mtoto mmoja akibaki nyuma kisha kengele na kusema, "Mwalimu, hata mimi." Kama hana jibu, afazali angoje mpaka awe nalo.

Tano, juu ya lugha. Bwanikwa alipita katika Kiingereza cha mmisionari, Badjoko katika Kifaransa cha mwandishi wa habari. Amisi alianza kwa Lingala, na inasikika. Na Kiswahili chetu cha Katanga je? Mwaka 1965 André Yav na wenzake, waliokuwa baboi katika nyumba za Wazungu, waliandika kwa Kiswahili hiki hiki Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, wakieleza historia kama wao walivyoiona, bila kuomba ruhusa ya masarufi. Kama baboi waliweza kuandika kazi zao, mtoto wa jana anaweza kuandika nyumba yake. Aandike kwa maneno aliyotukanwa nayo na aliyobembelezwa nayo. Hana haja ya kutaja majina, hana haja ya mchapishaji wa Paris. Daftari ya masomo inatosha, na mtu mmoja wa kumwamini wa kuisoma.

Wazee wanasema siri ya mtungi inajulikana na kata. Kwa muda mrefu kata imenyamaza, na sisi tuliokunywa maji yale tumesema hatukujua ladha yake. Vitabu hivi vimekwisha kusema kwa upande wao. Sasa msomaji wa Kapolowe Gare, wa Kapolowe Misioni, wa Likasi, akifika ukurasa ule ambapo mtoto anainua macho na kumtafuta mkubwa mmoja katika lupango, asiufungue upesi ukurasa unaofuata. Akae hapo kwanza, na afikiri juu ya nyumba zilizo karibu na yake.